Kuku Halazimishwi Kulalia: Mwongozo Kamili wa Kumshawishi Mtetea Aatamie na Kutotoa Uani

Jirani yangu hapa Chanika, Dar es Salaam, alinijia asubuhi moja na lalamiko. Ana kuku 6 wanaotaga vizuri, kila siku anaokota mayai manne au matano, ila mwaka unakatika na hakuna hata mmoja aliyelalia. "Labda wamerogwa," akasema, nusu mzaha. Nikamuuliza anaokota saa ngapi. Akanijibu kila linapodondoka; watoto wakisikia kuku anatetea tu, wanashindana mbio kiotani. Hapo hapakuwa na mchawi wa kutafuta. Kuku anayekuta kiota kitupu kila akirudi ataendelea kutaga, maana kwa hesabu yake akiba haijatosha.

Nafuga uani, kuku wasiozidi 25, na sina mashine ya kutotolesha. Umeme wa huku kwetu una tabia zake. Mashine ikizimika usiku wa manane siku ya 19, unabaki umeshika mayai yaliyopoa na huna wa kumlaumu. Kuku koo yeye hakatiki umeme. Kwa hiyo haya ni ya mfugaji mdogo anayetaka vifaranga 10, 20, pengine 50 kwa mkupuo. Anayetaka elfu atafute mashine na jenereta.

Una kuku gani bandani?

Kabla hujagusa kiota, watazame kuku wako. Kuku wa mayai wa kisasa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasilalie, kwa sababu kuku anayelalia hatagi, na mwenye biashara ya mayai hataki hasara hiyo. Ukimngojea huyo utazeeka naye. Chotara kama Sasso kutoka Ufaransa na Kuroiler kutoka India nao wako upande huohuo. Mara mojamoja anatokea mmoja akakushangaza, lakini wa kwangu aliyenishangaza alikaa siku 9, ya 10 akatoka kwenda kuchakura na hakurudi tena.

Kazi hii ni ya kuku wa kienyeji. Hata hao hawalingani. Kuchi ni mkubwa, anafunika mayai mengi na paka hamsogelei, ila uzito wake na makucha yake huvunja mayai yenye ganda jepesi. Mimi napenda zaidi yule mtetea wa kawaida wa kijijini, mwepesi, anayeingia kiotani kwa kunyata. Tembe aliyeanza kutaga juzi mwache amalize mzunguko wake wa kwanza: mayai yake bado madogo, na yeye mwenyewe bado hajatulia.

Ukienda kununua mama wa kulalia, swali la kumwuliza mwenye kuku ni hili: huyu aliwahi kutotoa, na wangapi walifika mwezi? Kuku aliyelalia vizuri mara moja kwa kawaida hurudia. Kisha umpe muda. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na akihamishwa anaweza kusimamisha hata kutaga kwa wiki kadhaa. Usihesabu hizo kuwa ukaidi.

Kinachomfanya akae

Chini ya ubongo wa kuku kuna tezi inayomwaga homoni iitwayo prolaktini. Ikipanda, kutaga husimama, hamu ya kula hupungua, manyoya ya tumboni na kifuani hupukutika, na ngozi inayobaki wazi hupata damu nyingi na joto. Kinachoipandisha hakina siri: kifua kugusana na mayai kwa muda mrefu, joto, kagiza, na kutosumbuliwa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15 kisha mwili unageuka wenyewe. Ukimnyang'anya kila yai, unaikata kamba hiyo kabla haijavutika. Kwa hiyo kazi yako ni kumwekea hayo manne, kisha kukaa pembeni.

Mwandae wiki tatu kabla

Kuku anayelalia hula mara moja kwa siku, na siku nyingine hali kabisa. Atakonda, na utamwona. Asiingie kiotani akiwa tayari amekonda. Wiki 3 kabla, mbali na mahindi na pumba, mwongezee dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti, majani mabichi, na chokaa ya mifugo au makombe ya baharini yaliyotwangwa, ili ganda liwe gumu. Mpe dawa ya minyoo wakati huohuo. Kuku mwenye minyoo akiingia kwenye mfungo wa siku 21 anaweza kufia juu ya mayai.

Chanjo ya kideri (mdondo, kwa wengine), ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi, aipate angalau wiki 2 kabla ya kulalia. Kinga yake sehemu hupita kwenye kiini na kumlinda kifaranga siku zake za mwanzo. Chanjo ya I-2, ile ya tone moja jichoni, ilitengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini kwa sababu inastahimili joto kuliko nyingine, na hapa nchini huzalishwa Kibaha. Hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Jogoo je? Mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Ukimleta jogoo leo, usubiri wiki moja hivi kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha. Akiondoka au akichinjwa, mitetea huendelea kutoa mayai yenye mbegu kwa wiki moja hadi mbili, na zaidi ya hapo unabahatisha.

Sasa utitiri. Hapa naomba usiruke, kwa sababu nimeona watu wakilaumu kuku, jogoo na mwezi, kumbe ni utitiri. Mchana huoni kitu; hujificha kwenye nyufa za mbao. Nenda saa tatu usiku na tochi, pitisha mkono chini ya ukingo wa kiota, kisha uutazame. Ukiona vidoa vyekundu vidogo kuliko mbegu ya mchicha vikitembea kwenye vidole, ujue kuku hatakaa hapo, na akikaa atanyonywa damu hadi upanga wake wa kichwani ubadilike kuwa mweupe. Choma majani yote ya zamani, mwagia mbao maji yanayochemka, zikauke juani, kisha nyunyiza poda ya utitiri kutoka duka la mifugo au angalau majivu mengi kwenye nyufa. Kuku mwenyewe mpake poda chini ya mabawa na kuzunguka mkia. Kagua pia kuzunguka macho yake. Kuna viroboto wanaonasa hapo kama punje za ulezi. Na awe na shimo la mchanga na majivu la kujigaragaza. Bafu lake ni hilo, na akilalia atalihitaji kila siku.

Kiota

Kisanduku cha sentimita 35 kwa 35, kina cha kama 30, kinatosha. Beseni iliyopasuka, tenga bovu, chungu kilichovunjika mdomo, vyote vinafaa. Weka chini udongo wenye unyevunyevu wa unene wa vidole vitatu, uukandamize katikati uwe kama sahani ya kina, ili mayai yaelekee katikati badala ya kutawanyika pembeni na kupoa. Juu yake tandika nyasi kavu. Udongo huo hutunza unyevu, na hilo ni muhimu kwa walio sehemu kavu kama Dodoma na Singida kuliko sisi wa pwani. Usitandike vumbi la mbao, na usitandike gunia la nailoni, maana nyuzi zake hunasa kucha.

Kiota cha kutotolea kiwe chini au karibu na chini. Kifaranga wa siku moja akidondoka kutoka urefu wa kiuno hapandi tena. Mlango uelekee ukutani, pawe na kagiza, upepo usipige, mvua isirushe. Weka viota viwili au vitatu sehemu tofauti, halafu kubali kwamba anaweza kuvikataa vyote. Kwa jirani yangu nilimsaidia kutengeneza kiota kizuri cha mbao, chenye kipaa. Mtetea wake mwekundu akachagua beseni la kufulia nyuma ya mtungi wa gesi. Tulitandika nyasi humohumo.

Mayai ya kumshawishi

Tukifika hapa wengi huuliza: nisipookota mayai, si yataharibika? Ndiyo, yataharibika, hasa kwenye joto letu. Kwa hiyo okota mayai yake mazuri kila jioni, lakini acha ya chambo mahali pake. Njia rahisi kuliko zote ni kununua mayai ya kisasa dukani. Hayana mbegu, kwa sababu kuku wale hawakai na jogoo. Yaandike alama ya X kwa penseli pande zote mbili, anza na mawili, kila siku anapotaga toa la kwake uongeze la X, mpaka yafike 7 au 8. Mimi nina mayai matatu ya mbao niliyochongewa na fundi, nayatumia mwaka wa nne sasa. Mawe ya mtoni yaliyolainika, yenye umbo na ukubwa wa yai, nayo yanakubalika. Mayai ya dukani yabadilishe kila baada ya siku 10, maana yakivunda na kupasuka harufu yake itamfukuza kuku, na wewe pia.

Baada ya hapo punguza pilikapilika. Watoto wasichungulie, mbwa asipite, na usimtoe kila saa kuona kama ameanza. Wapo wanaomfungia kuku kwa nguvu ndani ya kiboksi au kumfunika na ndoo siku tatu. Anakaa, ndiyo, kwa sababu hana pa kwenda. Ukifungua, anaondoka. Ndiyo maana nasema halazimishwi.

Yatachukua muda gani? Kwangu imewahi kuwa siku 8 na imewahi kuwa wiki 5. Kuku aliyetoka kulea juzi atataga kwanza mzunguko mwingine.

Utajuaje ameamua?

Kukaa kiotani mchana hakutoshi, wapo wanaotaga taratibu. Dalili ya kuaminika ni usiku: wenzake wakipanda kwenye vichanja, yeye amebaki kiotani. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ukimsogelea anatuna manyoya hadi anakuwa mara mbili ya ukubwa wake, anatoa mlio wa kukoroma na kukudonoa mkono. Akitoka anatembea huku mabawa yameshuka, akilia kwa mkato, "kwok, kwok, kwok", akila harakaharaka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kinyesi chake ni kimoja, kikubwa, chenye harufu kali, kwa sababu amejizuia siku nzima. Weka mkono chini yake taratibu: kifua kina joto, na manyoya yamepukutika.

Usiku tatu mfululizo, ndipo umpe mayai ya kweli.

Kuchagua na kutunza mayai ya kutotolesha

Chukua mayai ya ukubwa wa kati, yenye umbo la kawaida, ganda gumu lililo nyororo, lisilo na ufa. Gonganisha mawili taratibu karibu na sikio: lenye ufa hutoa sauti ya kopo bovu. Makubwa kupita kiasi mara nyingi yana viini viwili, kaanga. Yenye kinyesi usiyaoshe, kwa sababu maji hupitisha uchafu kwenye vitundu vya ganda. Uchafu mdogo ukwangue ukiwa mkavu, yaliyochafuka sana uyale.

Yahifadhi ncha nyembamba ikiwa chini, na kila siku uyageuze kidogo. Vitabu husema siku 7 hadi 10, lakini vinafikiria chumba chenye baridi. Dar es Salaam mwezi wa Februari, ndani ya nyumba ya bati, ni jambo jingine: joto likipita nyuzi 25 kiinitete, yaani mwanzo wa kifaranga, huanza kujijenga polepole kabla hakijapata mama, kisha hudhoofu. Huku pwani nasema siku 5. Ninachofanya ni kuweka mchanga mbichi kwenye karai, juu yake chungu kikavu chenye mayai, kisha kitambaa chenye unyevu kufunika mdomo wa chungu bila kugusa mayai, chini ya kitanda upande usiopigwa na jua. Friji hapana, ile baridi huua.

Ukinunua mayai kwa mtu, uliza yametagwa lini na yatasafiri vipi. Niliwahi kuletewa 12 kwa bodaboda kupitia barabara ya makorongo, muuzaji akiapa ni ya jana. Walitotolewa wawili. Siku hizi mayai yakitoka safarini nayaacha yatulie usiku kucha, ncha nyembamba chini, kabla ya kumpa kuku.

Idadi: kuku mdogo mayai 8 hadi 10, mkubwa 12 au 13. Akikaa usione yai hata moja likichungulia. Tamaa ya kumwekea 18 haina faida, kwa sababu yeye huyageuza na kuyahamisha, hivyo lile lililopoa leo pembeni kesho litakuwa katikati na jingine litapoa. Mwishowe unapoteza kila kundi kidogo kidogo.

Usiku wa kumwekea

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Subiri kama saa mbili usiku. Kwa penseli andika tarehe kwenye kila yai. Kalamu ya wino hapana. Nenda na mwanga hafifu, usiongee. Ingiza mkono chini ya kifua chake, toa la X, ingiza la kweli, moja baada ya jingine. Atanung'unika, atakudonoa kidogo, kisha utasikia kitu ambacho hakichoshi: analivuta yai kwa mdomo, analisukuma chini ya kifua, anajitikisa kulia na kushoto, kimya.

Kama alikuwa amelalia mahali pabaya, kwa mfano palipo na mbwa au panapovuja, mhamishe usiku huohuo, kiota kizima pamoja naye, na umpe kwanza mayai ya X usiku mbili uone kama atakubali. Ukimhamisha mchana atarudi alikotoka.

Mtenge na wenzake. Banda la pamoja likiwa na kiota kimoja, kila mtetea atakuja kutaga humo, na baada ya wiki una mayai ya umri tofauti: matatu yanatotolewa, mama anaondoka na watoto, mengine yanakufa yakiwa na vifaranga ndani. Kama huna pa kumtenga, zile tarehe za penseli zitakuokoa. Kila jioni toa yai lisilo na alama.

Mama yangu mkubwa huko Singida asingeweka mayai bila kipande cha mkaa kiotani, kuzuia radi isiyavize. Mkaa hauna ubaya, uache. Ila siku za radi kagua kama kiota kimeloa, kwa sababu maji ndiyo nimeyaona yakiviza mayai.

Siku 21

Weka maji safi na punje za mahindi au mtama karibu, hatua mbili tatu kutoka kiotani, lakini si ndani. Anatakiwa atoke mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, ale, anywe, anye mbali na mayai, aoge mchanga. Usiogope mayai yakipoa kwa muda huo. Asipotoka siku mbili, mwinue mwenyewe taratibu, ukihakikisha hakuna yai lililobanwa kwenye bawa au mguu, umweke penye chakula. Akizidisha saa nzima nje, angalia utitiri tena.

Siku ya 7, usiku, mulika mayai. Tumia tochi ya simu na kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha: simika kibomba juu ya tochi, kalisha yai juu yake, upande mnene chini. Yai zuri lina doa jeusi lenye mishipa myekundu iliyotambaa pande zote, mfano wa buibui katikati ya utando wake. Ukitulia utaliona doa likicheza. Lisilo na kitu, linalopitisha mwanga wa njano mwanzo hadi mwisho, halikuwa na mbegu. Lenye pete nyembamba ya damu lilianza likafa. Haya mawili yatoe, yatavunda na kuchafua mengine. Siku ya 14 rudia: lililo hai limekuwa jeusi karibu lote, na upande mnene kuna nafasi ya hewa yenye ukingo ulio wazi. Lile linalotikisika ndani kama maji ya dafu ni viza. Litoe kwa adabu, usilipasulie mkononi.

Toka siku ya 18 usiguse tena. Kifaranga ameshajipanga kichwa kuelekea upande wa hewa. Kama uko sehemu kavu, nyunyizia maji kidogo pembezoni mwa kiota, kwenye udongo. Siku ya 19 au 20 weka sikio karibu: vifaranga wanalia ndani ya maganda, na mama anawajibu kwa sauti ya chini ambayo hukuwahi kuisikia toka kwake.

Kutotoa

Tundu la kwanza la mdomo likitokea, kifaranga anaweza kukaa saa 12 hadi 24 bila kusonga mbele. Amechoka, na anamalizia kufyonza damu na kiini. Hapa watu huua kwa huruma. Wanabandua ganda, damu inatoka, na kifaranga anakufa mkononi akiwa hajamaliza. Mwache.

Kazi yako ni mbili. Jioni toa maganda matupu, kwa sababu ganda likivaa juu ya yai lililotobolewa humfungia aliye ndani. Pili, wa kwanza wakikauka na kuanza kutangatanga huku mengine bado, mama anaweza kushawishika kuondoka nao. Wachukue hao waliokauka, waweke kwenye boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, uwarudishe usiku. Hawatakufa njaa, kiini walichofyonza kinawatosha siku mbili.

Siku ya 23 kama kuna mayai yaliyobaki bila tundu, mulika. Yasiyo na uhai yatoe, umruhusu mama atoke.

Wiki za mwanzo

Hapa ndipo vifaranga wengi wa uani huishia. Mfunike mama na watoto chini ya tenga kubwa kwa wiki 2 hadi 4: yeye hatoki, wao wanapenya na kurudi. Akitembea nao tangu siku ya kwanza atawaburuta kwenye umande hadi kwa jirani wa tatu, na jioni atarudi na nusu. Usishtuke akiwakanyaga, teke la kuku halimwumizi mwanawe. Ila kwenye kisanduku chembamba wanaweza kubanwa kweli, wape nafasi.

Maji yawe kwenye sahani ya kina kifupi yenye kokoto, asizame mtu. Chakula cha vifaranga cha dukani kwa wiki 3 za kwanza kinarudisha gharama yake. Ukishindwa, changanya chenga laini za mahindi, dagaa waliosagwa na mashudu. Wali uliobaki peke yake hautoshi. Watajaza tumbo na kudumaa. Pasiwe na unyevu chini yao, kwani kuhara damu huanzia hapo.

Juu weka wavu. Wavu wa samaki uliochoka unatosha. Mwewe unamjua, lakini huku mjini mwizi mkubwa ni kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa pwani nzima. Hawaji mmoja: wawili wanamchokoza mama mbele, wa tatu anachukua kifaranga nyuma.

Tone la kideri wapewe wiki ya kwanza, lirudiwe wiki ya 3, kisha kila miezi 3. Chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi wa vifaranga, hutolewa kwenye maji wakiwa na wiki 2 hivi na kurudiwa. Chanjo ya ndui huchomwa kwenye ngozi ya bawa.

Kuwalalisha kadhaa kwa pamoja

Ukishamudu mmoja, jaribu watatu. Wa kwanza akilalia, mwache na mayai ya X huku ukikusanya ya kweli. Wa pili na wa tatu wakiingia, wape wote mayai usiku mmoja. Usimcheleweshe wa kwanza zaidi ya wiki, maana mfungo wake umeshaanza. Wakitotoa siku moja, vifaranga wote uwakabidhi kwa mama mmoja au wawili walio watulivu, uwaingize usiku chini ya mabawa; wakati wa joto kuku mkubwa anaweza kulea hata 20. Wale wengine hurudi kutaga mapema. Wapo wanaomnyang'anya kuku vifaranga na kumpa mayai mapya papo hapo. Inawezekana, lakini ni siku 42 za mfungo. Nilifanya mara moja, kuku akatoka mwepesi kama ungo, sikurudia.

Asipotaka kuacha

Huja siku ambayo hutaki vifaranga, au kuku amekaa wiki 5 juu ya mbao tupu. Kumzamisha kwenye ndoo ya maji, kama wengi wafanyavyo, humtia baridi na hofu, na mara nyingi anarudi kiotani akiwa ameloa. Mweke kwenye kizimba cha sakafu ya waya kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya kifua, bila nyasi, penye mwanga, na chakula na maji ya kutosha. Kwa kawaida siku 3 au 4 zinatosha joto la kifua kushuka. Mfungue asubuhi umfuatilie jioni: akipanda kichanjani na wenzake, ameacha. Akienda moja kwa moja nyuma ya mtungi wa gesi, mrudishe siku mbili nyingine.